Bosi Mtarajiwa Amekutia Shaka Kwenye Usaili: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kusaini

Umetoka kwenye usaili. Maswali umeyajibu, kazi yenyewe ndiyo uliyokuwa ukiitafuta, na mshahara waliodokeza unakutosha. Lakini yule mtu ambaye angekuwa bosi wako amekuachia kitu kifuani. Labda alikukatiza kila ulipofungua mdomo. Labda alimkemea msaidizi wake mbele yako. Au hakufanya lolote unaloweza kulitaja, ila ulitoka mle chumbani ukiwa mnyonge kuliko ulivyoingia.

Wapo wanaojiambia "kazi ni kazi", wakasaini, wakaizika ile shaka mpaka imefufuka baada ya miezi miwili. Wapo wanaoikataa kazi siku hiyo hiyo kwa sababu ya sura iliyonuna. Mimi nimewahi kufanya yote mawili, na yote mawili nilijutia. Ninachokueleza hapa ni namna ya kuichukua shaka hiyo kama habari ambayo bado haijathibitishwa: uiandike, uipime, uitafutie ushahidi, kisha ndipo uamue.

Shughuli hii ina thamani yake. Mwaka 2015 kampuni ya utafiti ya Gallup ilitoa ripoti iliyotokana na majibu ya watu wazima zaidi ya 7,000 nchini Marekani, na takriban nusu yao walisema wamewahi kuacha kazi ili wamkimbie meneja wao. Bosi ndiye anayekugawia kazi, anayekupa au kukunyima likizo, anayekusemea au kukuponda pale usipokuwepo. Mshahara unaupokea mara moja kwa mwezi. Bosi unakutana naye kila asubuhi.

Hatua ya 1: Ukiwa bado chumbani, tulia

Jambo la kwanza ni kutoamua chochote ukiwa umekaa kwenye kile kiti. Mwili ukishahisi kudharauliwa, akili inaacha kusikiliza maswali na kuanza kutunga majibu ya kujitetea. Ukifika hapo umepoteza mambo mawili kwa mpigo: usaili, na nafasi ya kumtazama vizuri huyo mtu.

Vuta pumzi. Jibu polepole. Akikukatiza mara ya pili au ya tatu, sema kwa sauti ya kawaida: "Naomba nimalizie hoja hii moja, kisha nitakujibu hilo." Sentensi hiyo ni ya adabu, na jibu lake lina thamani kubwa kuliko nusu saa nzima ya maswali. Anayesema "samahani, endelea" amekuonyesha kitu. Anayekunja uso, au anayecheka kwa dharau na kuendelea kusema, naye amekuonyesha kitu. Hutapata kipimo rahisi kuliko hicho siku nzima.

Akikuuliza jambo lisilohusu kazi, kama vile unapanga kuzaa lini au ndoa yako ikoje, hulazimiki kulijibu na hulazimiki kugombana. "Ningependa kuelewa swali hilo linahusianaje na majukumu ya nafasi hii" inatosha. Mara nyingi msaili atarudi nyuma mwenyewe.

Kuna wasaili wanaokubana makusudi ili waone unavyohimili shinikizo. Siupendi mtindo huo, lakini upo, na usiuchanganye na ubaya wa moyo. Tofauti utaiona hivi: mwenye kukupima anaibana kazi yako, anahoji takwimu zako, anapinga pendekezo lako, na usaili ukiisha sura yake inalegea na anaweza hata kukueleza alichokuwa akikitafuta. Mwenye dharau anakubana wewe: shule uliyosoma, lafudhi yako, umri wako, mavazi yako. Na mlango ukifunguliwa bado ni yule yule.

Iwapo umetukanwa, umeshikwa bila ridhaa, au umeambiwa maneno ya kingono, hatua zote zinazofuata hazikuhusu. Simama, sema "naomba tuishie hapa", ondoka. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, unawataja waziwazi wanaotafuta kazi na walioomba kazi miongoni mwa watu wanaopaswa kulindwa dhidi ya ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi. Nguvu yake kisheria iko kwa nchi zilizouridhia, lakini popote ulipo, jua kwamba kuomba kazi hakumpi mtu haki ya kukudhalilisha. Andika kilichotokea siku hiyo hiyo, pamoja na saa na majina ya waliokuwepo.

Hatua ya 2: Andika kabla hujalala

Chukua karatasi, igawe kwa mstari katikati. Upande wa kushoto andika ulichokiona na ulichokisikia. Upande wa kulia andika ulichokihitimisha. Kanuni ya upande wa kushoto ni kali: kiingie kile tu ambacho kamera ingekinasa.

"Ana kiburi" ni ya kulia. Ya kushoto ni: "Nilipotaja mradi wangu wa mwisho alisema 'hilo hata mwanafunzi angefanya', akageukia simu." "Hakunipenda" ni ya kulia. Ya kushoto ni: "Hakutabasamu, hakuuliza swali la nyongeza hata moja." Ukimaliza, utashangaa jinsi pande hizi mbili zisivyolingana. Wakati mwingine upande wa kulia umejaa na wa kushoto una mistari miwili tu. Wakati mwingine ni kinyume chake, na unagundua kwamba mambo mazito yalitokea mbele yako huku wewe ukiyatafutia udhuru.

Usiahirishe hadi kesho. Ukisubiri siku tatu, kumbukumbu itakuwa imeshikamana na hasira au na tamaa ya kuipata hiyo kazi, na hutaweza tena kuzitenganisha.

Nasisitiza utenganishaji huu kwa sababu jinsi akili inavyomsoma mtu mpya kumechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alichambua alama ambazo maofisa wa jeshi la Marekani waliwapa walio chini yao katika umbile, akili, uongozi na tabia. Alikuta alama hizo zinafanana kupita kiasi: aliyeonekana mzuri katika sifa moja alipewa uzuri katika zote, na aliyeonekana hafifu katika moja alishushwa katika zote. Kwenye usaili nawe unafanya hivyo hivyo. Bosi aliyechelewa dakika ishirini anaanza kuonekana mzembe, kisha mbinafsi, kisha hata ofisi yake inaonekana chafu.

Lakini usikimbilie kusema kwamba hisia ya mara ya kwanza haina maana. Mwaka 1993 wanasaikolojia Nalini Ambady na Robert Rosenthal walichapisha utafiti ambamo watu wasiowajua walimu fulani wa chuo waliangalia vipande vya video visivyo na sauti, vya muda usiozidi nusu dakika kwa kila mwalimu, kisha wakawapa alama. Alama hizo ziliendana kwa kiasi kikubwa na zile ambazo wanafunzi waliokaa nao muhula mzima waliwapa. Kwa hiyo macho yako yanaona kitu. Shida ni kwamba hayakuambii ni kitu gani, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Hatua ya 3: Tenganisha haiba, hali ya siku hiyo, na matumizi ya mamlaka

Rudi kwenye upande wa kushoto wa karatasi. Kila mstari uuwekee alama moja kati ya tatu.

Haiba ni vitu kama ukimya, sauti nzito, kutotabasamu, kusema kwa mkato. Havikuambii lolote kuhusu uadilifu wa mtu. Na kuna jambo ambalo waombaji wengi wa kazi hawalijui: usaili unaofanywa vizuri mara nyingi unahisi baridi. Utafiti uliofanywa kwa miongo mingi, ukiwemo uchambuzi mkubwa wa mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake wa mwaka 2022, unaonyesha kwamba usaili wenye mpangilio maalumu hutabiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko mazungumzo huria. Usaili wa namna hiyo ni ule ambamo kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale kwa mfuatano ule ule na majibu yanapewa alama. Msaili anayefuata utaratibu huo hapigi soga, haonyeshi furaha kwa jibu zuri, na muda mwingi anaandika. Mimi niliwahi kusailiwa na mama mmoja wa namna hiyo. Hakuniangalia zaidi ya mara nne. Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kujitoa, na nusura niitume. Tulipozungumza mara ya pili alinirudishia maneno yangu mwenyewe, sentensi kwa sentensi, akiniuliza nilimaanisha nini hapa na pale. Katika maisha yangu yote ya kazi, hajatokea bosi aliyenisikiliza kuliko yeye.

Hali ya siku hiyo ni kuchelewa, kuonekana amechoka, kutosoma wasifu wako, kupokea simu moja ya dharura. Kwa usaili wa video ongeza na haya: macho yanayoonekana kutazama pembeni huenda yanasoma maswali kwenye skrini, na kukatizana kunaweza kuwa mtandao unachelewesha sauti. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliupa jina mwelekeo wetu wa kulitafsiri kosa la mwingine kuwa ndiyo tabia yake, huku tukisahau mazingira yaliyomsukuma. Jiulize tu: aliomba radhi? Aliyechelewa akaomba radhi na kukupa muda wako kamili yuko mbali sana na yule aliyechelewa kisha akakuhimiza wewe ufanye haraka.

Matumizi ya mamlaka ndilo fungu la kulikalia kwa muda mrefu. Hapa yanaingia mambo anayomfanyia mtu asiyeweza kumrudishia. Kumbuka kwamba siku ya usaili na bosi naye amevaa vizuri na amechunga ulimi. Unachokiona ni uso wake wa wageni. Kama dharau imepenya hata siku hiyo, jua nyuma yake kuna nyingine isiyopata mgeni wa kuizuia. Dalili ya mvua ni mawingu.

Tazama anavyomsemesha mtu wa mapokezi, na anavyopokea chai au maji aliyoletewa. Tazama wengine kwenye jopo: wanapotaka kusema, je, wanamtupia jicho kwanza? Sikiliza viwakilishi vyake. Wapo wanaosema "mimi" kila panapotajwa mafanikio na "wao" kila panapotajwa hasara. Na zaidi ya yote, sikiliza anavyomzungumzia mtu aliyekuwa kwenye nafasi unayoiomba.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa maumivu. Nilisailiwa na meneja mchangamfu sana, mwenye maneno matamu. Katikati ya mazungumzo alitoa barua iliyoandikwa na mfanyakazi aliyeondoka, akaisoma kwa sauti ili tucheke makosa yake. Nikacheka. Nilitaka kazi. Miezi minane baadaye, kwenye kikao cha watu kumi na wawili, iliyosomwa kwa sauti ilikuwa barua yangu. Nilipokaa pale nilikumbuka kicheko changu, na nikajua kwamba siku ile ya kwanza nilikuwa nimeonyeshwa kila kitu.

Dalili nyingine nzito ni ahadi ya mdomo anayokataa kuiandika, kukutaka usaini leo leo, kukupa "jaribio" ambalo kwa kweli ni kazi halisi ya siku kadhaa bila malipo, na kukueleza majukumu yanayopingana na yale aliyoyataja mwenzake wa jopo dakika tano zilizopita bila kushtuka.

Kabla hujalifunga fungu hili, jigeukie na wewe. Je, anafanana na mtu aliyewahi kukuumiza, kwa sauti au kwa namna ya kukaa? Na kama ni mwanamke aliyekuonekea mkali, je, maneno yale yale yangetoka kwa mwanamume ungeyaita ukali, au ungeyaita msimamo? Jibu ukiwa peke yako, kwa unyofu. Nimewahi kufuta mstari mzima kwenye karatasi yangu kwa sababu ya swali hilo.

Hatua ya 4: Mpe alama sifa moja moja

Katika miaka ya 1950, Daniel Kahneman, ambaye mwaka 2002 alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alikuwa mwanasaikolojia kijana katika jeshi la Israeli na akapewa kazi ya kuboresha usaili wa askari wapya. Alichagua sifa sita. Kila sifa iliulizwa kwa maswali yake ya mambo halisi na kupewa alama yake kabla ya kugusa inayofuata, ili hisia ya jumla isizimeze zote. Wasaili waliokuwa wamezoea kuamua kwa hisia walilalamika, naye akawaruhusu mwishoni kabisa wafumbe macho, wamfikirie yule askari, na kutoa alama moja ya jumla. Ilionekana kwamba njia mpya ilifanya kazi vizuri kuliko ya zamani, na kwamba hata ile hisia ya mwishoni ilikuwa na manufaa, kwa kuwa ilikuja baada ya ushahidi kukusanywa.

Itumie njia hiyo kwa bosi. Chagua sifa tano au sita unazozihitaji kweli. Zangu ni hizi: anasikiliza, yuko wazi kuhusu anachokitaka, ana haki katika kugawa kazi na sifa, anatimiza anachoahidi, anajua kumkosoa mtu bila kumvunja, anawakuza walio chini yake. Zako zinaweza kuwa tofauti. Mama anayelea mtoto mchanga peke yake ataweka mbele bosi anayeheshimu muda wa kutoka kazini. Kijana wa kwanza kazini ataweka mbele anayefundisha.

Kwa kila sifa toa alama kutoka 1 hadi 5, na pembeni yake andika ushahidi uliotoka upande wa kushoto wa karatasi. Pasipo na ushahidi usitoe alama, weka kistari. Jambo hili watu hulipuuza, nami nakuomba usilipuuze. Mara ya kwanza utakapolifanya utakuta una alama mbili na vistari vinne. Maana yake humjui huyo mtu. Unamchukia, au unamwogopa, lakini humjui. Vile vistari ndiyo orodha ya mambo unayokwenda kuyatafuta.

Hatua ya 5: Omba kumwona tena

Waombaji wengi huona aibu kufanya hivi, wakidhani watafutwa kwenye orodha. Uzoefu wangu ni kwamba mwajiri makini hufurahi kumwona mtu anayetaka kujua anapokwenda. Omba baada ya kuambiwa kwamba wanakutaka, au umefika hatua ya mwisho, maana hapo ndipo una nguvu kidogo. Waandikie watu wa rasilimali watu, kwa mfano:

"Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Kazi hii inanivutia, na kabla sijatoa jibu la mwisho ningependa kuzungumza tena na meneja wa idara kwa dakika 20 hivi, ili nielewe vizuri matarajio yake kwa miezi ya mwanzo. Kama inawezekana, ningefurahi pia kuongea na mmoja wa watu ninaotarajiwa kufanya nao kazi. Niko huru kwa siku na saa itakayowafaa."

Ukikutana naye, uliza mambo yaliyokwisha kutokea. Ukimuuliza mtu "wewe ni bosi wa namna gani?" atakuchorea picha yake nzuri. Ukimuuliza kilichotokea mwezi uliopita atalazimika kukumbuka. Haya ni maswali yaliyonisaidia:

- Aliyekuwa kwenye nafasi hii yuko wapi sasa, na ni kitu gani alikifanya vizuri?
- Ni lini mara ya mwisho mtu wa timu yako alikupinga, na mliishiaje?
- Kazi ikiharibika, huwa mnaanzaje kulizungumza jambo hilo?
- Ni nani aliyeanza chini yako akapanda cheo, na ulimsaidiaje?
- Baada ya miezi mitatu, nitajuaje kwamba umeridhika na kazi yangu?

Usiyaulize yote, chagua mawili au matatu yanayojaza vistari vyako. Kisha nyamaza umwache afikiri. Kunyamaza kwake kwa muda si dalili mbaya, huenda anatafuta mfano wa kweli. Dalili mbaya ni jibu la haraka lisilo na mtu wala tukio ndani yake: "Hapa sisi ni familia, hatuna ugomvi." Mahali ambapo hakuna aliyewahi kumpinga bosi, aidha watu wamechoka au wameogopa. Na akikasirishwa na swali lenyewe, andika alama yako ukifika nyumbani. Hutahitaji ushahidi mwingine kwa kistari hicho.

Hatua ya 6: Waulize waliofanya naye kazi

Wahenga walisema ukitaka kujua uhondo wa ngoma uingie ucheze. Kwa ajira ushauri huo ni ghali. Ni afadhali kuwauliza waliokwisha kuicheza, hasa waliotoka.

Watafute kupitia marafiki wa kazi, watu mliosoma nao, au LinkedIn, ukiangalia nani alikuwa kwenye idara ile na akaondoka. Uliza angalau watu wawili wasio na uhusiano wa karibu. Mmoja peke yake anaweza kuwa na kisasi, au anaweza kuwa kipenzi cha bosi. Usijieleze sana wala usimtaje mtu mwingine uliyemuuliza; dunia ya kazi ni ndogo na maneno husafiri. Kama bado umeajiriwa kwingine, kuwa mwangalifu mara mbili, habari zisije zikamfikia mwajiri wako wa sasa kabla hujamwambia.

Usiulize "ni mtu mzuri?" Uliza: "Akikasirika hufanya nini?" "Ukiugua inakuwaje?" "Wangapi wameondoka kwenye timu hiyo tangu ulipoingia?" "Ungerudi kufanya naye kazi?" Swali hilo la mwisho lisikilize kwa masikio mawili. Atakayejibu "ndiyo, ingawa ana haraka sana" amekupa habari nzuri yenye kasoro ndogo. Atakayekaa kimya, kisha aseme "kampuni yenyewe ni nzuri", naye amejibu.

Maoni ya mtandaoni yasiyo na majina yasome ukitafuta jambo linalojirudia kwa miaka, na ya mtu mmoja mwenye hasira yaache.

Hatua ya 7: Pima na hali yako ulivyo

Sasa fumba macho, mfikirie, utoe ile alama ya mwisho ya hisia. Iweke pembeni ya zile nyingine. Zikikubaliana, uamuzi unakaribia kujitoa wenyewe. Zisipokubaliana, rudi kwenye fungu la matumizi ya mamlaka. Hilo ndilo ninalolipa uzito wa mwisho, na alama 1 kwenye haki au kwenye kukosoa siwezi kuifidia kwa alama 5 kwenye uwazi.

Hata hivyo sitakuambia kwamba kila mtu ana uwezo wa kukataa kazi. Mwenye kodi ya nyumba inayodaiwa na watoto wanaosubiri kula hawezi kupima kama mwenye akiba ya mwaka mzima, na hapaswi kuona aibu kwa hilo. Kinachobadilika ni namna ya kuingia. Uliza mambo haya: utakuwa naye kila siku, au mtaonana mara mbili kwa mwezi? Juu yake kuna mtu, au yeye ndiye mwenye mali? Kuna idara nyingine unayoweza kuhamia baadaye?

Ukiamua kuingia huku shaka ikiwa bado ipo, ingia ukiwa umejiwekea kinga. Majukumu, saa za kazi, mshahara, anayekusimamia, urefu wa kipindi cha majaribio na muda wa kutoa taarifa ya kuacha kazi, vyote viwe kwenye maandishi kabla hujaacha kazi uliyonayo. Ahadi aliyokupa kwa mdomo irudishe kwake kwa barua pepe: "Kama tulivyozungumza jana, nimeelewa kwamba..." Asipopinga, una kumbukumbu. Maombi mengine uliyokwisha kuyapeleka usiyafute kwa haraka.

Hatua ya 8: Kukataa bila kuvunja daraja

Ukishaamua kukataa, sema mapema. Kuna mtu mwingine anayesubiri nafasi hiyo. Ujumbe uwe mfupi:

"Nawashukuru kwa muda wenu na kwa kuniamini. Baada ya kutafakari, nimeona nafasi hii si mahali sahihi kwangu kwa sasa. Nawatakia heri katika kumpata anayefaa."

Hudaiwi maelezo zaidi ya hayo. Kama mtu wa rasilimali watu atakupigia akitaka kujua sababu, na ukamwona ni mtu wa kuaminika, mpe tukio moja kutoka upande wa kushoto wa karatasi, bila kivumishi: "Nilikatizwa mara tano, na nilipoomba kumalizia hoja nilichekwa." Usiseme "meneja wenu ana dharau". Tukio linaweza kufanyiwa kazi; tusi litakurudia. Ila kama yaliyotokea ni yale niliyoyataja mwishoni mwa hatua ya 1, andika malalamiko kamili yenye tarehe, na ubaki na nakala.

Hatua ya 9: Kama umekubali, itunze ile karatasi

Usiitupe siku ya kuanza kazi. Ndani ya wiki ya kwanza muulize bosi namna anavyopenda kuletewa habari mbaya: kwa ujumbe, kwa simu, au ana kwa ana, na mapema kiasi gani. Ni swali linaloondoa nusu ya misuguano ya mwanzo, na mabosi wengi hawajawahi kuulizwa.

Halafu weka tarehe kwenye kalenda, majuma mawili au matatu kabla ya kipindi cha majaribio kuisha, kwa kuwa mara nyingi ndani ya kipindi hicho muda wa kutoa taarifa ya kuondoka ni mfupi zaidi kwa pande zote mbili. Siku hiyo, ukiwa nyumbani, andika upya sifa zile zile kwenye karatasi safi na umpe alama bila kuchungulia za zamani. Ukimaliza ndipo uzilaze karatasi mbili ubavu kwa ubavu na kuanza na vile vilivyokuwa vistari.